Mwongozo kamili: Kulinganisha wanachosema watu kuhusu uhalifu mtaani na kilichobadilika kweli

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu anachukua asilimia ya wakazi wanaosema uhalifu umeongezeka, anaiweka kando ya idadi ya kesi zilizoandikishwa polisi, anaona haviendani, kisha anatoa hukumu: ama wananchi wanatishika bure, ama polisi wanaficha. Hukumu zote mbili huwa hazina miguu, kwa sababu namba hizo hazikuwa zikijibu swali moja. Mkazi aliulizwa juu ya "uhalifu", neno pana kama bahari. Polisi walihesabu mafaili yaliyofunguliwa.

Hatua zifuatazo zinafaa kwa kata, kitongoji au mji mdogo. Zifuate kwa mpangilio. Anayeruka hatua ya 1 hadi ya 3 huishia kurudia kazi yote.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ramani ya eneo yenye mipaka iliyoandikwa, pamoja na mipaka ya kituo cha polisi kinacholihudumia. Mara nyingi haifanani.
- Takwimu za matukio yaliyoandikishwa, mwezi kwa mwezi, kwa miaka 5 au zaidi. Ziwe na aina ya kosa, mahali, tarehe ya tukio na tarehe ya kuripotiwa.
- Makadirio ya idadi ya watu na ya kaya kwa kila mwaka, si kwa mwaka wa sensa peke yake.
- Chanzo kimoja kisichopitia polisi: utafiti wa waathirika, rejesta ya majeruhi hospitalini, au madai ya bima.
- Dodoso la ukurasa mmoja, na orodha ya kaya ya kuchagulia wahojiwa.
- Lahajedwali, na daftari la kuandika kila uamuzi unaofanya na sababu yake.

Tenga wiki sita hadi nane. Sehemu kubwa ya muda huo italiwa na kuomba takwimu na kuzisafisha, wala si hesabu.

## Hatua ya 1: Andika swali katika sentensi moja

Sentensi iwe na nguzo nne: mahali, kosa, kipindi na watu. Mfano: "Je, wakazi wa kata hii walioishi hapa miaka mitatu au zaidi wanaona wizi wa kuvunja nyumba umeongezeka katika miezi 12 iliyopita ikilinganishwa na miezi 12 iliyotangulia, na rekodi zinasemaje juu ya kosa hilo hilo katika vipindi hivyo hivyo?"

Ni ndefu na haivutii, lakini kila neno lake lina kazi. Ukiondoa "walioishi hapa miaka mitatu au zaidi", utakuwa unamuuliza mpangaji wa miezi minne alinganishe na wakati ambao hakuwepo. Atakujibu tu, tena kwa uhakika.

Kipimo cha mafanikio: mpe mtu mwingine sentensi hiyo bila maelezo. Akiweza kukuambia ni safu zipi za takwimu utachukua na ni nani utamhoji, songa mbele.

## Hatua ya 2: Linganisha mipaka

Polisi huhesabu kwa eneo la kituo. Sensa huhesabu kwa maeneo ya utawala. Mkazi akisikia "mtaani kwako" huwaza umbali anaoutembea kwa miguu kwenda kituo cha basi na kurudi. Hizo ni ramani tatu tofauti.

Chagua moja, kisha lazimisha zile nyingine mbili ziifuate. Kwa takwimu za polisi, rudi kwenye mahali pa tukio badala ya jina la kituo. Kwa wakazi, taja mpaka kwa alama wanazozijua: "kuanzia barabara kuu hadi mtoni, dakika 15 kwa miguu kutoka hapa."

Angalia pia kama mipaka ya kituo ilibadilishwa katikati ya kipindi chako. Kituo kikiongezewa vitongoji viwili, uhalifu "utapanda" mwezi huo huo bila mwizi yeyote kuongezeka.

## Hatua ya 3: Chagua makosa mawili au matatu

Usitumie "jumla ya uhalifu". Jumla huchanganya simu iliyochomolewa mfukoni na mauaji, na kwa kuwa wizi mdogo ni mwingi kuliko kitu kingine chochote, ndio unaoivuta jumla huku au kule.

Makosa yanayofaa ni yale ambayo mkazi anayaelewa kwa jina na ambayo polisi huyaandika kwa uthabiti: wizi wa kuvunja nyumba, uporaji wa njiani, wizi wa magari na pikipiki. Wizi wa gari huripotiwa sana kuliko mwingine kwa sababu bima haitalipa bila karatasi ya polisi.

Mauaji yana rekodi nzuri kuliko kosa lolote, lakini katika eneo dogo ni machache mno kuonyesha mwelekeo.

Makosa ya dawa za kulevya yaache kabisa. Idadi yake hupima misako, haipimi matumizi. Ukatili wa majumbani na makosa ya kingono nayo hayafai kwa ulinganisho huu, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa sehemu kubwa haifiki polisi. Zaidi ya hayo, kumuuliza mtu habari zake mbele ya watu wa nyumbani kwake kunaweza kumletea madhara. Yanataka utafiti wake, wenye wahojaji waliofunzwa kwa kazi hiyo.

## Hatua ya 4: Safisha takwimu za polisi

Panga matukio kwa tarehe yalipotokea, si yalipoandikwa. Wenye nyumba waliosafiri hugundua wizi wakirudi, na karani anayemaliza viporo mwezi Januari anaweza kukutengenezea kilele ambacho hakikuwepo.

Tofautisha sifuri na nafasi tupu. Sifuri maana yake hakukuwa na tukio. Nafasi tupu maana yake hakuna aliyejaza. Ukizigeuza tupu zote kuwa sifuri, umetangaza amani ambayo hukuiona.

Kisha tafuta siku ambayo kanuni za kuhesabu zilibadilika. Hapa ndipo hata mataifa yenye rekodi nzuri huteleza. Uingereza na Wales zilianza kutumia kiwango kipya cha kitaifa cha kuandikisha makosa mwezi Aprili 2002, na makosa ya kushambulia yaliyoandikishwa yakapanda kwa kiasi kikubwa kwa sababu polisi walianza kuandika walichokuwa wakikiacha. Marekani, shirika la upelelezi la FBI liliacha mfumo wake wa zamani wa muhtasari Januari 2021 na kuhamia mfumo wa tukio kwa tukio; idara nyingi hazikuwa tayari, zikiwemo za New York na Los Angeles, na takwimu za kitaifa za mwaka huo zikabaki na mapengo makubwa.

Kwa hiyo uliza ofisi husika maswali matatu: kanuni za kuandikisha zilibadilika lini, fomu au mfumo wa kompyuta ulibadilika lini, na kulikuwa na msako maalumu miezi ipi. Piga mstari wima kwenye grafu kwa kila tarehe utakayopewa. Usilinganishe kipindi kilicho upande mmoja wa mstari na kilicho upande wa pili bila kusema hivyo wazi.

Rekodi iliyosafishwa vizuri ina mstari mmoja kwa kila mwezi, hakuna mwezi unaojirudia, na kila kilele unaweza kukieleza au umekiwekea alama ya kuuliza.

## Hatua ya 5: Geuza idadi kuwa kiwango

Tuseme eneo lilikuwa na watu 8,000 na matukio 40. Baadaye lina watu 11,500 na matukio 52. Idadi imepanda kwa asilimia 30. Lakini kiwango kimeshuka kutoka matukio 5 kwa kila watu 1,000 hadi 4.5.

Zote mbili ni kweli, na hapa pana jambo wengi hawalioni: mkazi huishi ndani ya idadi, haishi ndani ya kiwango. Anasikia habari za wizi 52 badala ya 40. Akisema umeongezeka, hajakosea. Amehesabu kitu kingine. Weka safu zote mbili kwenye lahajedwali yako hadi mwisho.

Chagua kigawanyo kinacholingana na kosa. Uvunjaji wa nyumba gawanya kwa kaya. Wizi wa magari gawanya kwa magari, kama idadi yake inapatikana. Uporaji gawanya kwa watu, ila kumbuka eneo lenye soko au kituo kikuu cha mabasi hupokea watu wengi wasiolala hapo, na kiwango chake kitaonekana kikubwa kuliko hatari ya mkazi wa kawaida.

## Hatua ya 6: Pima kama mabadiliko ni ya kweli au ni mtikisiko

Matukio 16 mwaka jana, 22 mwaka huu. Gazeti litasema ongezeko la asilimia 38. Wewe fanya hivi:

1. Jumlisha vipindi viwili: 16 + 22 = 38.
2. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: takriban 6.2.
3. Zidisha kwa 2: 12.4.
4. Linganisha na tofauti. Hapa tofauti ni 6, chini ya 12.4. Namba hizi haziwezi kutofautishwa na bahati.

Sasa unganisha miaka. Miaka mitatu ya kwanza matukio 54, mitatu iliyofuata 87. Jumla 141, kipeuo cha pili karibu 11.9, mara mbili ni 23.8. Tofauti ni 33. Hapo kuna mabadiliko.

Onyo: kanuni hii hudhani kila tukio linajitegemea na kwamba idadi ya watu haijabadilika sana. Kundi moja likivunja nyumba kumi usiku mmoja, matukio hayajitegemei. Basi chukulia kipimo hicho kama kiwango cha chini cha tahadhari, na tofauti inayokivuka kwa unywele usiitangaze.

Linganisha pia mwezi na mwezi wake wa mwaka uliopita. Desemba dhidi ya Novemba hupima msimu.

## Hatua ya 7: Tafuta shahidi wa pili

Tuseme kulikuwa na matukio 100 ya kweli kila mwaka. Mwaka wa kwanza waathirika 30 kati yao waliripoti. Mwaka wa pili kituo kikafungua dawati karibu, wakaripoti 45. Rekodi zinaonyesha ongezeko la nusu nzima, na uhalifu haujasogea hata kidole.

Ndiyo maana kuna tafiti za waathirika, zinazowauliza watu moja kwa moja yaliyowapata bila kujali kama walikwenda polisi. Marekani huwa na utafiti wa aina hiyo tangu 1973, na Uingereza na Wales tangu 1982. Wa Marekani huonyesha, kwa miaka mingi, kwamba karibu nusu ya matukio ya ukatili au chini ya hapo hufika polisi. Nazo zina mipaka yake: aliyeuawa hahojiwi, maduka na kampuni hayamo, na wa Marekani huanzia watu wa miaka 12.

Kama eneo lako halina utafiti wa namna hiyo, rejesta ya majeruhi ya hospitali husaidia kwa mashambulio, na madai ya bima kwa magari. Usitafute namba zifanane. Tafuta mwelekeo. Vyanzo viwili vikipanda pamoja, una imani ya kutosha. Polisi wakipanda na hospitali ikabaki palepale, kwanza shuku kwamba kilichobadilika ni kuripoti.

## Hatua ya 8: Waulize watu, kwa maneno sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi hufia.

Tenganisha maswali manne. Hofu, mtazamo wa mwelekeo, yaliyompata mtu mwenyewe, na aliyoyasikia ni vitu vinne, na dodoso baya huvipika chungu kimoja. Tumia maswali haya:

1. "Umeishi eneo hili kwa miaka mingapi?"
2. "Ukilinganisha miezi 12 iliyopita na miezi 12 ya kabla yake, wizi wa kuvunja nyumba katika eneo hili umeongezeka, umepungua, au uko vilevile? Au hujui?"
3. Swali hilo hilo kwa kosa la pili, kisha kwa nchi nzima.
4. "Unajisikia salama kiasi gani kutembea peke yako hapa baada ya giza kuingia?" Majibu manne, kutoka salama sana hadi si salama kabisa.
5. "Tangu mwezi huu mwaka jana, kuna aliyevunja au kujaribu kuvunja nyumba unayoishi?" Kama ndiyo: "Mliripoti polisi?"
6. "Habari za uhalifu wa hapa huzipata zaidi wapi?"

Utaratibu huu una sababu. Ukianza na swali la 5, aliyeibiwa atajibu mengine yote kwa uchungu ulioamshwa upya. Usiseme popote "tatizo la uhalifu linaloongezeka", umeshampa jibu.

Ruhusu "sijui". Ukiliondoa, wasiojua watakimbilia "umeongezeka", kwa sababu kusema uhalifu umepungua huonekana kama kujigamba kwa jambo usilolijua.

Linda tarehe. Kumbukumbu husogeza tukio karibu. Wizi wa miezi 17 iliyopita, kama uliuma, utasimuliwa kama wa mwaka huu. Mpe mhojiwa kalenda yenye alama anazozikumbuka, kama mwanzo wa mwaka, kufunguliwa shule na uchaguzi, kisha umuulize tukio lilikuwa kabla au baada.

Chagua wahojiwa kwa bahati nasibu. Chukua orodha ya kaya, gawanya idadi yake kwa sampuli unayotaka, anza na namba ya kubahatisha, kisha ruka kwa hatua hiyo. Ndani ya kaya mhoji mtu mzima mwenye siku ya kuzaliwa inayofuata, la sivyo utawapata walio nyumbani mchana tu. Asiyekuwepo mrudie mara tatu kwa saa tofauti. Dodoso lililotupwa kwenye kundi la simu la mtaa hujibiwa na wenye hasira na wenye bando.

Jua ukubwa wa kosa la makadirio. Wahojiwa 100 hukupa ukingo wa takriban pointi 10 za asilimia kila upande. 400, pointi 5. 1,000, pointi 3. Ukilinganisha tafiti mbili za watu 400, tofauti iliyo chini ya pointi 7 usiijengee hoja.

Jaribu dodoso kwa watu 15 kwanza. Mwambie kila mmoja arudie swali kwa maneno yake. Watatu wakilielewa tofauti, liandike upya.

## Hatua ya 9: Viweke pamoja

Kwa kila kosa, toa asilimia ya waliosema "umepungua" kutoka kwa waliosema "umeongezeka". Wakiwa 46 na 18, salio ni +28. Kando yake weka mabadiliko ya idadi, mabadiliko ya kiwango, jibu la kipimo cha hatua ya 6, na mwelekeo wa shahidi wa pili. Mstari mmoja kwa kosa moja, safu tano, basi.

Salio la +28 si asilimia 28 ya ongezeko. Linaeleza wingi wa wanaoona hivyo, si ukubwa wa wanachokiona. Watu wote wanaweza kuona, kwa usahihi, ongezeko dogo sana. Kwa hiyo linganisha mwelekeo na mwelekeo, na usichore mistari miwili kwenye grafu yenye mizani mbili. Mizani hizo unaweza kuzivuta hadi zifanane au zigombane upendavyo.

Kisha gawanya majibu: waliopatwa na wasiopatwa, wakazi wa zamani na wa karibuni, kwa chanzo cha habari. Kundi lenye watu chini ya 30 usilitolee asilimia.

## Hatua ya 10: Eleza pengo kabla ya kumlaumu mtu

Pengo likitokea, pitia maelezo haya kwa kutumia takwimu zako.

*Karibu na mbali.* Angalia swali la 3 la dodoso. Marekani, katika tafiti 23 kati ya 27 za Gallup, kampuni ya kura za maoni, zilizofanywa kuanzia 1993 hadi 2023, angalau asilimia 60 ya watu wazima walisema uhalifu nchini umeongezeka kuliko mwaka uliotangulia, ilhali kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho viwango vilikuwa vikishuka. Wanaosema hivyo juu ya eneo lao wenyewe kwa kawaida ni wachache zaidi. Kama nawe unaona watu wanasema "nchini umeongezeka, hapa uko vilevile", macho yao yanafanya kazi. Kinachotofautiana ni walichokiona na walichosimuliwa.

*Uzito umebadilika, idadi haijabadilika.* Wizi 40 wa mchana nyumba ikiwa tupu si sawa na wizi 40 wa usiku wenye mapanga. Takwimu zikisema "40 na 40", watu wakasema hali imechafuka, watu ndio waliosoma vizuri. Rudi kwenye rekodi utenganishe matukio ya silaha.

*Hofu imeshafanya kazi yake.* Hili husahaulika kuliko yote. Watu wakiacha kutoka baada ya saa moja usiku, uporaji hupungua kwa kukosa wa kuporwa. Rekodi zitasema usalama umerudi, na swali la 4 litasema hakuna anayejisikia salama. Kama unaweza, ongeza swali: "Umeacha kufanya jambo gani kwa kuogopa uhalifu?"

*Vurugu zisizo kesi.* Taa za barabarani zilizokufa, nyumba zilizotelekezwa, kelele za walevi. Mtu huzisoma kama dalili, na hakuna faili linalofunguliwa.

*Msongamano.* Nyumba iliyovunjwa mara moja huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena. Uchochoro mmoja unaweza kubeba nusu ya matukio ya kata, na wakazi wake wakawa sahihi kabisa huku wastani ukiwakana. Chora matukio kwenye ramani kabla ya kusema wamekosea.

## Hatua ya 11: Andika matokeo yanayoweza kukaguliwa

Andika kosa moja kwa aya moja, ukianza na rekodi, kisha mtazamo, kisha maelezo yanayoungwa mkono na takwimu zako. Mfano: "Uvunjaji wa nyumba ulioandikishwa ulipanda kutoka 16 hadi 22, tofauti iliyo ndani ya mtikisiko wa kawaida. Asilimia 46 ya wahojiwa 400 wanaona umeongezeka na 18 wanaona umepungua. Madai ya bima hayakubadilika. Ongezeko halijathibitika."

Neno "halijathibitika" lisigeuzwe kuwa "halipo" na mhariri anayetaka kichwa kifupi. Lisimamie.

Ambatisha dodoso zima, tarehe za mahojiano, idadi ya waliokataa, na mistari ya mabadiliko ya kanuni uliyochora kwenye hatua ya 4. Ondoa majina na namba za nyumba kabla ya kumpa mtu yeyote lahajedwali. Katika eneo dogo, tarehe na uchochoro peke yake vinaweza kumtambulisha aliyeibiwa.

Mwaka ujao rudia mwezi huo huo, kwa maneno yale yale, hata kama umeshagundua njia nzuri zaidi ya kuuliza swali la 2. Njia hiyo mpya iulize kwa nusu ya sampuli, ya zamani kwa nusu nyingine, ili upate kujua tofauti ya majibu imetoka kwa watu au imetoka kwenye swali.